Wadhamini Wawili

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote. Nimeletewa mashine ya boti imefungwa kwenye magunia mawili, vipande vipande kama nyama ya mnadani, na kabla jua halijazama ikarudi majini inanguruma. Nimefika kazini asubuhi nikamkuta kiboko amesimama mlangoni pa gereji, ananitazama na mimi namtazama, mpaka akaona hapa hana shughuli, akarudi ziwani. Nilivuka mpaka pale Sirari nikiwa na spana tatu, nusu mkate na elimu ya darasa la nne. Leo ukitaka fundi wa mashine za boti, kuanzia Kirumba mpaka Igombe, muulize mvuvi yeyote. Atanyoosha kidole, na kidole kitaelekea kwangu.

Kwa hiyo mama mwenyekiti wa mtaa wetu aliponiambia natakiwa kuleta wadhamini wawili, nilicheka. Lakini nisikimbie. Kwanza nieleze jinsi nilivyokuwa najulikana.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kisii, kule juu kwenye migomba na mvua ya kila alasiri. Sikuzaliwa karibu na maji. Nilifika Mwanza nikiwa na miaka thelathini na tano, nikapanga vyumba viwili Pasiansi kwa mzee mmoja Mkerewe, pamoja na banda lake la wazi lililo hatua chache kutoka ziwani, ambalo ndilo likaja kuwa gereji. Mke wangu alibaki nyumbani na watoto na shamba. Yeye huja mwezi wa kumi na mbili, mimi huenda Pasaka. Siku nyingine zote niko peke yangu, na sijawahi kulalamika.

Wiki ya kwanza tu nilijua natazamwa. Mbele ya nyumba yetu kuna mama anayeanika dagaa. Wakati ule alikuwa na chanja mbili, siku hizi anazo saba. Nilipokuwa napita asubuhi alikuwa akimwambia mwenzake jambo kwa Kisukuma, wanacheka mpaka wanashika chanja. Nikamuuliza mzee mwenye nyumba wanasema nini. Akasita, akasema, "Wanasema unatembea kama mtu aliyeacha sufuria motoni."

Nikajaribu kutembea polepole. Siku ya tatu wakasema Mkenya anaumwa mguu.

Dukani ilikuwa hivyo hivyo. Niliingia nikasema, "Nipe soda." Mwenye duka akanipa, lakini benchi zima liligeuka. Mzee mmoja akauliza, "Mkenya?" Na mimi hata neno la tatu sikuwa nimesema. Hapa mtu anakwenda dukani na hela yake mkononi na bado anasema naomba soda, naomba sabuni, naomba vocha. Niliona ajabu, mtu kuomba kitu anachokilipia. Nikaendelea na nipe yangu.

Walijua kila kitu. Walijua naamka saa kumi na moja. Walijua natia maziwa mengi kwenye chai. Walijua nakula ugali wa wimbi, unga wenyewe naletewa kutoka nyumbani, na kwa rangi yake wakauita ugali wa oili chafu. Mke wangu akija, kabla sijamaliza kushusha mabegi, kuna mtu ameshaniambia, "Shemeji mwaka huu amekonda." Nikichelewa kufungua gereji, mchana mzima naulizwa kama nilikuwa na homa. Nilijifunza salamu za Kisukuma ili nisionekane sana. Nikamwambia yule mama wa dagaa, "Mwangaluka." Akaitikia vizuri, kwa adabu zote, kisha akawageukia wenzake. Safari hii alisema kwa Kiswahili, makusudi nisikie: "Kisukuma cha huyu kimevaa viatu."

Mtu mwingine angekasirika. Mimi nilifurahi. Nilijiambia, mtu asiye na maana nani atahangaika kumhesabia saa zake za kulala? Nikawa natembea na hiyo fahari miaka kumi na moja. Nilisema wazi, hata kwa simu nyumbani, kwamba Mwanza hakuna asiyenijua.

Sasa, mgeni anaishi kwa karatasi. Kila kibali kinapokaribia kuisha inabidi uombe upya, na pamoja na mengine wanataka barua ya mtaa, kwamba huyu mtu tunaye, anaishi hapa, tunamfahamu. Miaka yote hiyo jambo hilo halikunigusa. Mzee mwenye nyumba alikuwa anachukua fomu, anavaa miwani yake iliyofungwa uzi, ananisomea, anajaza, anasaini. Mdhamini wa pili alikuwa rafiki yake waliyecheza naye bao. "Karatasi tuachie wazee," alikuwa akisema, "wewe kaa na mafuta yako." Mwaka juzi mzee akafariki. Tulimzika kwao Nansio, na mimi nilikuwepo, nilibeba jeneza kutoka kwenye feri. Watoto wake wakakubali niendelee na banda. Yule rafiki yake naye akahamia Geita kwa binti yake. Sikuona pengo lolote mpaka karatasi zilipobakiza siku kumi na mbili.

Nikaenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti wetu ni mama wa umri wangu, mpole wa sauti, mgumu wa maamuzi.

"Wadhamini wawili," akasema, akanipa fomu. "Majirani. Wakazi wa mtaa huu wanaokufahamu."

"Wawili tu, mama mwenyekiti? Nikuletee ishirini?"

"Fomu ina nafasi mbili."

"Lakini wewe mwenyewe unanijua. Gonga muhuri, yaishe."

"Mimi kazi yangu muhuri. Jirani yako siyo mimi."

Nikaona labda kuna namna. Nikasema nimeona shule yetu ya mtaa ina upungufu wa madawati, na mimi ni mtu wa kupenda maendeleo.

"Madawati changia, Mungu atakubariki," akasema, tayari anamtazama mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. "Na wadhamini leta."

Nilitoka pale naimba. Wadhamini wawili. Nikaanza na jirani wa ukuta kwa ukuta, mwalimu mstaafu, Mhaya wa Bukoba. Ni mtu mrefu, mkavu, amefundisha nusu ya watu wazima wa Pasiansi na anawasahihisha mpaka leo barabarani. Mimi na yeye tulikuwa na utani mmoja tu, wa ndizi. Yeye husema ndizi za Kisii ni chakula cha mbuzi. Mimi humwambia mbuzi wetu wameshiba kuliko maprofesa wao.

Alikuwa kibarazani anatafuna kahawa. Nikasimama chini ya ngazi za baraza. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbuzi hawajambo?"

"Hawajambo. Mwalimu, kuna karatasi hapa. Saini tu, dakika moja, nina mashine ya mtu imefunguliwa."

Akaichukua, akaisoma yote, mbele na nyuma, na mimi nimesimama. Kisha akaipiga piga gotini.

"Hapa wananiuliza, je, unamfahamu mwombaji?"

"Ndiyo. Andika ndiyo."

"Niandike nini? Kwamba anaamka saa kumi na moja? Kwamba ana ugali mweusi? Hayo hata mbwa wa mtaa huu anayajua, bwana, na hawezi kusaini."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Umewahi kukaa kwenye kiti hiki?" akauliza, akionyesha kiti cha pili pale kibarazani.

"Mwalimu, mimi nina kazi."

"Ndiyo. Unayo." Akanirudishia karatasi. "Mimi nakuona kila siku. Kukufahamu ni somo jingine, na sisaini nisichokijua. Miaka thelathini na minne sijawahi kumpa mtoto maksi za bure."

Niliondoka nimechemka. Nikajiambia Wahaya ndivyo walivyo, maringo tu. Nikavuka barabara moja kwa moja mpaka kwa mama wa dagaa. Yeye ni mtu mzima, karibu miaka sitini, kiuno kimeanza kuinama, lakini ulimi umenyooka. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaendelea kugeuza dagaa kwa viganja.

"Mimi na wewe, mwanangu, umewahi kuniomba nini?"

"Sijawahi kukuomba kitu, mama." Nilisema kwa kifua. Ni kweli, na ilikuwa sifa yangu kubwa. "Miaka kumi na moja sijamsumbua mtu hapa. Hata kiberiti."

"Hata kiberiti," akarudia. "Hata chumvi. Hata maji siku bomba limekauka, ulikwenda na pikipiki kuchota mbali, mimi nina pipa limejaa hapa." Akamwaga konzi ya dagaa pembeni. "Ule mwaka upepo uliponing'olea bati, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Mabati yalikuwa yametawanyika mpaka kwenye banda langu.

"Ngazi yako imening'inia ukutani, naiona kutoka hapa. Ya chuma, ina vidato tisa. Nilituma watu Kirumba wakaazime ngazi, wakarudi nayo begani, mvua inanyesha ndani juu ya godoro langu."

"Mama, kwa nini hukusema? Ningekupa saa ile ile."

"Nikuombeje? Wewe huombi. Mtu asiyekuomba chochote, unaanzia wapi kumwomba?" Akajipangusa mikono kwenye kanga. "Sikukatai kwa ubaya. Ila nikisaini hapa, wakija kuniuliza huyu ni mtu wa namna gani, nitawaambia nini? Kwamba ana ngazi?"

Nimesema hakuna kitu kinachoweza kunishangaza, na nasimama na neno langu. Lakini pale nilikunja fomu yangu, nikarudi gereji nikakaa juu ya ndoo.

Ieleweke kwamba mimi kutoomba hakukuwa kiburi cha kuokota. Nilipokuwa na miaka tisa, baba amekufa, mama alinituma kwa baba mdogo kuazima jembe. Mke wa baba mdogo akaniambia subiri hapo mlangoni. Nilisubiri tangu asubuhi mpaka kuku wanaingia bandani. Walikula mchana mbele yangu. Jembe sikupewa, na mtu hakuniambia nenda wala kaa. Njiani narudi niliapa kwamba midomo hii haitaomba tena. Na hicho kiapo ndicho kilichonijenga. Kwa kuwa sikuomba, nilijifunza. Mashine yangu ya kwanza niliifungua mwenyewe mara kumi na nne mpaka nikaelewa inavyopumua, kwa sababu sikutaka kumuuliza fundi mwingine. Kila spana iliyoko pale nimeinunua. Sasa watu wa Pasiansi wananiambia kile kilichonifanya mtu ndicho kinachowafanya wasinijue.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Bila zile saini mbili hakuna barua, bila barua karatasi zinaisha, na zikiisha napanda basi la Sirari nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita, naacha gereji, naacha wateja, naanza upya kwenye kilima ambako hakuna hata boti moja. Nilikuwa na watoto wawili sekondari. Mashine ndizo zinawasomesha.

Nikasema basi. Kama kuomba ni kazi, mimi kazi sijawahi kuikimbia. Nilijifunza kabureta, nitajifunza na hili.

Kesho yake saa tatu asubuhi nikaenda kwa mwalimu. "Mwalimu, naomba chumvi."

Akanitazama juu ya gazeti. "Juzi jioni umenunua chumvi kilo nzima. Ulikuwa umeishika mkono wa kushoto."

"Imeisha."

"Kilo? Umekula na mashine?"

Nikavuka kwa mama. Nikaomba kiberiti. Akasema, "Mwanangu, unapikia gesi, na lile jiko linawaka lenyewe kwa kubonyeza. Tuliliona linashushwa." Wale wenzake wa chanja walikuwa wamejificha nyuso ndani ya kanga. Siku iliyofuata nikaomba kwa jirani wa nyuma kuazima nyundo, akaniuliza kama zile sita zimeibiwa. Nilikwenda dukani nikasema, "Naomba soda." Benchi likageuka tena. Yule mzee wa siku ya kwanza akauliza, "Mkenya, kuna msiba?"

Ndipo nilipoona ugumu wa kazi yenyewe. Watu wanaokujua mpaka kilo ya chumvi huwezi kuwadanganya kwamba huna chumvi. Ningekuwa mtaa wa watu wasionitazama, ningeomba uongo wangu na kupita. Hapa ilibidi nikose kitu kwelikweli. Na mimi, kwa bidii yangu mwenyewe ya miaka kumi na moja, nilikuwa nimehakikisha sikosi kitu.

Siku zikaenda. Nikafanya kazi, nikapeleka mashine mbili Kayenze, nikarudi, fomu bado iko ndani ya boksi la plagi. Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili, nikaitoa nikasema angalau nijaze upande wangu mwenyewe. Nikaiweka mezani nikakaa nayo.

Sasa hapa naandika jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu analijua kwa kubahatisha tu. Kusoma nasoma, lakini kama mashine yenye plagi moja mbovu. Herufi kubwa nazimudu, namba nazimudu kuliko wewe. Maandishi madogo ya ofisini, yale yaliyobanana kama dagaa kwenye gunia, yananipotea. Fomu ile ilikuwa na kurasa nne za namna hiyo. Mzee mwenye nyumba alikuwa ananisomea kila mara na mimi najifanya nafuta mikono kwa tambara, kana kwamba nisingekuwa na grisi ningesoma mwenyewe. Sijui kama alijua. Nadhani alijua.

Nilifika ukurasa wa pili, mstari wa tano, nikakwama. Nikaanza tena. Nikakwama pale pale. Asubuhi ya Ijumaa nikajaribu mara ya mwisho. Saa nne ikapita. Ofisi ya mtaa Ijumaa inafunga saa sita, na Jumatatu ingekuwa nimechelewa. Nikasimama, nikanawa mikono, nikaenda.

Mwalimu alikuwa pale pale kibarazani. Sikusimama chini ya ngazi. Nilipanda, nikakaa kwenye kile kiti cha pili. Ni kiti kifupi, magoti yalinifika kifuani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, naomba unisomee hii. Sielewi wanachouliza."

Nilisema haraka, kama mtu anayejing'oa kibanzi. Nikatazama barabarani nikisubiri acheke. Mlevi mmoja alikuwa anabishana na mbuzi. Mwalimu alisema tu, "Lete," akavaa miwani.

Akaanza kusoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno, na kidole chake kinapita chini ya mstari ili nione. Sauti ile ile aliyokuwa anaisomea darasani, bila shaka. Tulipofika ukurasa wa pili nikasema, "Hapo ndipo niliposimama." Akasema, "Hapo hata mimi pananisumbua, walioandika hawakusoma insha." Akaendelea. Baada ya muda, bila kuinua macho, akasema, "Gazeti unalonunua Jumatatu, unaangalia picha za mpira kisha unafungia plagi."

"Kumbe unaona."

"Ukuta kwa ukuta, bwana. Nilijua tangu mwaka wa pili. Sasa ningefanyaje? Nije nikugongee mlango niseme, samahani jirani, nimekuja kukufundisha kusoma? Ungenipiga na spana."

"Ningekupiga."

"Basi." Akageuza ukurasa. "Picha ziko wapi?"

"Picha gani?"

"Wanataka picha nne za paspoti. Za karibuni. Shati lenye kola." Akanitazama nilivyovaa.

Nilikuwa na fulana. Mimi sina mashati. Nina fulana ishirini na mbili na ovaroli tano, kwa sababu kola inashika grisi na tai inashika feni. Kwa mazishi nina koti, ndani yake navaa fulana. Saa ilikuwa tano kasoro kumi. Kwenda Mlango Mmoja kutafuta shati la mtumba na kurudi, kisha picha, kisha saini, kisha muhuri, haiwezekani. Nikajua nimekosa kitu. Nimekosa kwelikweli, na wote wawili tulikuwa tunajua kwamba nimekosa.

"Mwalimu," nikasema, "naomba shati."

Aliinuka, akaingia ndani. Akarudi na shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Nikavaa pale pale kibarazani. Yeye ni mrefu na mwembamba, mimi Mungu alinijenga kwa upana. Mikono ilizidi vidole, na tumboni vifungo vilikataa kukutana. Shingoni palifunga, kwa taabu. Mwalimu akamalizia kujaza fomu, akasaini nafasi ya kwanza, akanipa.

"Picha inaishia kifuani," akasema mwalimu. "Usipumue sana."

Nikatembea mpaka studio iliyo karibu na soko, haraka, sufuria motoni. Mpiga picha akanikalisha kwenye stuli. "Mzee, nyoosha mabega." Nikanyoosha. Tukasikia wote wawili. Shati lilipasuka mgongoni, kutoka kola mpaka kiunoni, na vifungo viwili vikaruka vikagonga kioo. Yule mpiga picha akachungulia kwenye kamera, akasema, "Mbele uko vizuri. Tulia hivyo hivyo." Akapiga.

Kurudi nilirudi nikiwa hivyo, mbele mtu wa ofisini, nyuma fulana ya mafuta. Nimetazamwa Pasiansi miaka kumi na moja, lakini siku ile nilitazamwa. Mwenye duka alitoka nje. Benchi likasimama. "Hilo si shati la mwalimu?" mtu akauliza. Mwingine akasema, "Ni lake, lile la kanisani." Mwingine akaniuliza kama mwalimu amenipa au tumegombana. Sikukimbia. Niliwajibu wote, mmoja mmoja: nimeazima, nimeazima, nimeazima.

Nilipofika kwenye chanja, mama wa dagaa alikuwa ameshanyoosha mgongo ananisubiri.

"Geuka," akasema. Nikageuka. Akatoa mguno. "Umeazima?"

"Nimeazima, mama."

"Ulimwomba kwa mdomo wako?"

"Nilimwomba."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, mwalimu, naomba shati."

Akawatafsiria wenzake kwa Kisukuma. Tafsiri ilikuwa ndefu kuliko nilivyosema, nadhani aliongeza na mambo yake. Walicheka mpaka mmoja akaketi chini juu ya mchanga. Mimi nilisimama katikati yao nikangoja wamalize. Kisha nikasema, "Na wewe naomba saini yako, mama. Mwalimu ameshasaini. Imebaki nusu saa, na bila wewe nafukuzwa."

"Mbona siku ile hukusema hivyo? Siku ile ulikuja kama mtu anayegawa." Akatoa pini kwenye pindo la kanga yake, akanibana mgongo, akatoa nyingine kwa mwenzake, akabana na chini. "Simama vizuri, nitakuchoma. Leta hiyo karatasi."

Akasaini juu ya mgongo wangu, mikono ina magamba ya dagaa. Kalamu iliandika polepole, niliisikia kila herufi. Fomu ile popote ilipo sasa inanuka Pasiansi.

Mama mwenyekiti alikuwa ameshika kufuli. Akasoma majina ya wadhamini, akanitazama, akasogea akanitazama na nyuma. Alifungua droo, akatoa muhuri, akaupumulia, akagonga.

Karatasi zangu zilitoka, niko hapa, gereji iko hapa. Tangu Ijumaa ile sina amani, na nasema kwa kujisifu. Wanakuja wote. Naazimwa pampu, naazimwa kamba, naamshwa nikavute gari la mtu kwenye matope. Na mimi naomba. Kila Jumapili baada ya kanisa naomba saa moja ya mwalimu kwenye kiti kifupi, na hii habari unayoisoma ameipitia kwa kalamu nyekundu, akaacha makosa mawili anayodai yananifaa. Najifunza haraka. Nilimwambia nitamshinda kusoma, akasema kwanza nimshinde kulima ndizi.

Nilitaka kumnunulia shati jipya, zuri, la dukani. Akakataa kabisa, akasema anataka lile lake. Basi nikalipeleka kwa fundi cherehani. Picha nne, elfu nne. Kushona mgongo, elfu mbili. Vifungo viwili, mia tano. Jumla ilinigharimu shilingi elfu sita na mia tano.